Kuunda gari la viti viwili kwa vifaa vya Kirikuu, gereji ya nyumbani Tabora

Kijana wa Isevya

Habari za kazi wakuu.

Kuna Suzuki Carry hapa (Kirikuu), ile ya kusukuma tairi za nyuma tu. Bodi imeoza, ila injini ya K6A na giaboksi ya gia tano ziko hai. Mpango ni kuivua yote na kuunda gari dogo la wazi la watu wawili, mtindo wa zile Caterham za Uingereza ambazo mtu analetewa vipande kwenye makasha anafunga mwenyewe nyumbani. Kuagiza kasha zima mpaka Tabora ni pesa nyingine, bado ushuru. Kwa hiyo chesi itaundwa kwa bomba za pembe nne za hapa mjini, vingine vyote vitoke kwenye Kirikuu.

Kilichopo: banda la mita 3 kwa 5.5 lenye sakafu ya saruji, umeme wa kawaida wa fezi moja, mashine ya kuchomelea ya inverta ya 200A, grainda na drili ya mkono.

Naomba msaada kwenye haya: bomba za saizi gani? Chesi inazuiwaje isipinde wakati wa kuchomelea? Mbele nitumie shokapu zilezile ndefu za Kirikuu au nitengeneze amu (mikono ya kushikia tairi) mbili, juu na chini, kama magari ya mashindano? Na breki, je, hailazimiki kuweka hydrovac (kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu) kwenye gari jepesi?

Chuma Chakavu

Mkuu, kabla ya bomba kuna jambo kubwa zaidi. Kirikuu bado imesimama kwenye tairi zake? Kama ndiyo, usiwashe grainda. Namba utakazozihitaji kwenye chesi mpya ziko kwenye hiyo chesi mbovu, na ukishaikata hutazipata tena popote.

Fanya hivi. Jaza upepo sawa tairi zote, gari isimame sakafuni bila mzigo. Piga mstari wa katikati sakafuni kwa uzi wa chaki wa waashi, kutoka mbele hadi nyuma. Kisha shusha timazi kutoka kila mahali panaposhika kitu kinachocheza: bolti ya mbele ya amu ya chini, bolti ya nyuma ya amu hiyo, kitovu cha juu cha shokapu, ncha mbili za raki ya stelingi, yaani ule mhimili wa meno unaogeuza tairi (pale tairodi inapoanzia kucheza, siyo mwisho wa raba), jicho la mbele la springi ya nyuma, na shako yake (kile kibanio kinachocheza nyuma ya springi). Kila nukta iandikie namba tatu: iko mbele au nyuma ya ekseli kwa milimita ngapi, iko mbali na mstari wa katikati kwa ngapi, iko juu ya sakafu kwa ngapi. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 4, jua gari liligongwa. Chukua upande usiogongwa uurudie kwa pande zote mbili. Pima pia mlalo wa injini, kwa urefu na kwa upande, halafu uirudishe vilevile. Sampu (bakuli la oili) na mfyonzo wa oili vimepangwa kwa mlalo huo.

Na kabla ya kuvua chochote, washa injini, izunguke mpaka feni ijiwashe, jaribu gia zote. Ukija kuhangaika nayo baadaye utajua kosa liko kwenye waya zako, haliko kwenye injini.

Sasa bomba. Fremu ya juu na vipande vya kupingana: 25 × 25 mm unene 1.5. Reli mbili za chini zinazobeba kila kitu: 40 × 40 unene 2, maana gari litatoka lami liingie vumbi, siyo uwanja wa mashindano. Anza na bomba kumi za 25 na tatu za 40. Nunua nyeusi, siyo zilizopakwa zinki. Moshi wa zinki ukiuvuta banda limefungwa utashinda na homa usiku.

Hapa wengi wanapigwa: bomba inaandikwa 1.5 halafu ndani ni 1.2. Jicho halioni. Ipime kwa mizani. Bomba ya 25 × 25 ya mita 6 yenye unene wa 1.5 kweli inakaribia kilo 6.4. Ya 1.2 inacheza kwenye 5.3. Zingine zinauzwa mita 5.8, kwa hiyo pima urefu kwanza ndipo upige hesabu. Muuzaji akikataa kuweka kwenye mizani, ameshakujibu.

Kupinda: chesi haipindi kwa sababu ya bomba, inapinda kwa sababu ya mpangilio wa moto. Unga meza kwanza. Bomba mbili za 50 × 50 sambamba, zilazwe kwenye matofali, zisawazishwe kwa mpira wa maji kama fundi anavyolevo msingi. Juu yake laza plaiwudi ya 18 mm na uchore chesi nzima kwa ukubwa wake halisi. Kila bomba ibanwe kwa vigingi vya mbao vilivyopigwa skrubu pande zote mbili.

Shikiza kwa doti tu. Doti mbili kila kiungo, pande zinazotazamana. Usichomelee hata kiungo kimoja mpaka fremu yote imesimama, na mishazari yake ndani. Pima kona kwa kona kwa tepu. Tofauti ikizidi milimita 2, kata doti urekebishe. Halafu ingiza injini, giaboksi, ekseli ya nyuma na kiti kimoja, na mtu mrefu kuliko wote nyumbani akae. Goti likigusa stelingi sasa, unakata doti nne. Ukigundua baada ya kuchomelea, unakata chesi.

Ukianza kuchomelea moja kwa moja, ruka: kiungo cha mbele kushoto, kisha cha nyuma kulia, kipande cha milimita 25 hivi, acha kipoe mpaka unaweza kukishika, ndipo urudi. Kwa inverta tumia fimbo za E6013 za 2.0 mm, 45 mpaka 55A. Ukikosa za 2.0, za 2.5 kwa 60 hadi 65A, mkono utembee haraka, la sivyo utatoboa. Msimu wa mvua fimbo zinanyonya unyevu, zikaushe. Waya wa kurefusha umeme uwe wa 4 mm² kama unavuta mbali. Ule mwembamba wa redio unakula umeme, moto unakuwa baridi, na weldi inakaa juu ya chuma kama nta bila kuingia ndani. Kila siku kabla ya kugusa chesi, unga vipande viwili vya bomba kwa umbo la T, bana kwenye jiliwa, piga nyundo. Chuma kikichanika pembeni ya weldi, endelea. Weldi ikibanduka nzima, ongeza moto.

Kuhusu mbele: baki na shokapu za Kirikuu. Nako zake (vipande vinavyobeba tairi) zimetengenezwa kushikwa kwa bolti mbili za shokapu, hazina mahali pa boljointi ya juu. Ukitaka amu mbili itabidi uunde kipande cha kuunganisha chenye tundu la mchongoko wa boljointi, kazi ya mashine ya kukereza na chuma kizuri. Kosa la hapo ni tairi kulala chini barabarani. Nyanyua minara miwili ya shokapu, pete ya juu iwe bati la 3 mm, na kila mnara ufungwe kwa bomba tatu zinazoelekea pande tofauti. Mnara uliosimama kwa bomba mbili tu utacheza, na gari halitashika alainmenti hata siku moja. Pua itakuwa ndefu kwenda juu kidogo, haitafanana na Caterham. Potelea mbali.

Turbo Nzega

Kirikuu ya nini wakuu? Tafuta Altezza au Mark II iliyopata ajali, unapata silinda sita, difu (meno ya ekseli ya nyuma) nzuri, breki kubwa. Injini ya 658 cc ni ya kubebea mchanga.

Chuma Chakavu

Mkuu Turbo, injini ya silinda sita ya hizo, 1G-FE, ni lita 2, silinda sita mstari mmoja, ni ndefu na nzito, na difu ya Altezza haisimami kwenye ekseli moja kama ya Kirikuu. Inakaa kwenye fremu yake ndogo yenye amu kila upande. Hizo nukta zote za amu zinapaswa kurudiwa kwenye chesi mpya, mara mbili ya kazi. Banda lenyewe lina upana wa mita 3.

K6A isiyo na tabo ina farasi kama 50. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi inakula kama sehemu moja ya kumi. Inabaki 45. Gari lenye kilo 500 kwa farasi 45 linakimbia vizuri tu. Tatizo lake ni meno ya difu, yamepangwa kwa mzigo. Kwa mwendo wa 80 injini inalia. Jua uwiano wako: gia iwe huru, shika tairi moja, zungusha nyingine mizunguko miwili kamili, hesabu propela inazunguka mara ngapi. Hiyo ndiyo namba ya difu. Tairi za 175/65R14 badala ya 145R12 zinakupunguzia mlio kwa karibu asilimia nane bila kufungua difu, ila hakikisha rimu zinaingia kwenye bolti zako na hazigusi shokapu.

Mama Breki

Nije kwenye breki na stelingi, maana hapo ndipo mtu anapoweza kufa na mengine yote ni kero tu.

Ndugu wa Isevya, breki za Kirikuu zichukue kama familia: silinda kuu, hydrovac, kalipa za mbele, silinda za ngoma za nyuma, na vali ya kugawa presha kama ipo. Zimepimiana. Ukichanganya silinda kuu kubwa ya gari jingine, pedali itakuwa ngumu na fupi. Ndogo sana, pedali inafika sakafuni. Hydrovac si lazima kwa gari jepesi, lakini ukiitoa lazima ubadilishe nyenzo ya pedali. Pima kutoka kwenye kitovu cha pedali hadi mguu unapokanyaga, gawanya kwa umbali kutoka kitovu hadi kijiti cha silinda. Yenye hydrovac mara nyingi inacheza kwenye 4. Bila hydrovac unataka 5 hadi 6, na sehemu inayoshika pedali iwe bati la 3 mm lililofungwa pembetatu, maana mguu wa mtu aliyeshtuka unasukuma kwa nguvu kuliko unavyodhani.

Mabomba ya breki: 4.75 mm ya chuma, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Usikubali bomba la shaba tupu la mafundi friji, hata kama fundi anaapa. Linazidi kuwa gumu kwa mtetemo, linapasuka pale kwenye ncha iliyokunjwa. Ncha yenyewe ikunjwe mara mbili kwa kifaa chake, na bomba libanwe kila baada ya sentimita 30. Ukimaliza kutoa hewa, kanyaga kwa nguvu zote dakika moja nzima, mwenzako apitie kila kiungo na karatasi kavu. Pedali ikizama taratibu bila tone lolote nje, silinda kuu inavuja kwa ndani, badilisha raba zake. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4 tu. Oili ya stelingi inavimbisha raba zote na utaanza upya.

Usawa wa mbele na nyuma: Kirikuu ilipangwa kubeba kilo 350 nyuma. Kwako nyuma ni nyepesi, kwa hiyo tairi za nyuma zinaweza kujifunga kwanza na gari likageuka. Jaribu kwenye uwanja wa vumbi, mwendo wa 30, kanyaga ghafla, shuka uangalie mikwaruzo. Ya mbele ianze kuandika kabla ya nyuma. Nyuma ikitangulia, punguza presha ya nyuma kwa vali, usichezee unene wa bitana za breki.

Springi za nyuma ukitaka zilainike, toa kile kipande cha chini kabisa cha mzigo. Kikuu na kile kinachokifuata usiviguse.

Stelingi. Dereva wa Kirikuu amekaa juu ya tairi za mbele, wako atakaa nyuma kabisa, kwa hiyo shafti itakuwa ndefu na yenye jointi mbili. Kila jointi isipinde zaidi ya nyuzi 30, na uma za kipande cha kati zikae mlalo mmoja, la sivyo usukani utakuwa mwepesi nusu duara na mzito nusu nyingine. Usiunganishe shafti kichwa kwa kichwa kwa weldi. Tafuta kwa wauza vipuri vya kukatwa kipande chenye meno yaleyale kinachochomoka na kuingia, funga kwa bolti yake.

Angalizo jingine: ukiigeuza raki juu chini ili ipate nafasi, au ukiihamisha kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele, gari litageuka kinyume. Kata kushoto, tairi zinaelekea kulia. Zungusha usukani kwa mkono ukiwa bado kwenye doti, uone.

Na kimo cha raki ukirudie kama alivyosema Chuma Chakavu. Kukagua: toa springi, funga ubao ulionyooka kwenye haba (kitovu cha tairi), inua tairi mm 60 juu ya kimo chake cha kawaida na ushushe mm 60 chini, ukipima ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao kutoka kwenye uzi uliovutwa kandokando ya gari. Tofauti ikizidi mm 3, kila shimo barabarani litakukata kona lenyewe. Raki ipandishwe au ishushwe kwa vibati mpaka itulie.

Bolti zote za amu, raki na shokapu ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani. Zile nyeupe zinazong'aa zisizo na namba ni za kufungia milango.

Kijana wa Isevya

Shukrani dada, shukrani mkuu. Yameingia. Mawili bado: propela ikiwa ndefu naikatia wapi? Na pua ya mbele na mbawa za tairi, nitumie bati au faiba?

Mwana Kibirizi

Faiba, ndugu yangu, kwa pua na mbawa. Pande zilizonyooka piga bati la alumini la 1.2 mm, ribiti za 4 mm kila baada ya sentimita 5. Chesi ipakwe rangi kwanza na kati yake na alumini pakae gundi ya poliurethani, kwa sababu alumini na chuma vikigusana penye maji ya mvua vinaoza.

Faiba: chonga umbo kwa povu au plasta, lainisha, paka nta mara nne ukiing'arisha kila safari. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba inakula karibu kilo moja ya rezini kwa tabaka. Pua weka tabaka mbili, kingo na sehemu za bolti tatu hadi nne. Kigumishi ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa rezini. Joto la Septemba na Oktoba, kaa kwenye 1, changanya nusu kilo tu kwa mkupuo. Ukizidisha, kopo linachemka mkononi kabla hujafika kwenye mati. Rezini nyingine inakuja bila kiharakishi cha kobalti. Kiharakishi hicho na kigumishi visikutane peke yake kamwe, vinalipuka. Koroga kimoja kwenye rezini mpaka kipotee, ndipo uweke kingine.

Usipake jua kali likiwa juu ya umbo. Asubuhi, kivulini. Na toa mapovu ya hewa kwa rola ya chuma, siyo brashi tu. Povu lililobaki litavimba siku gari likianikwa.

Chuma Chakavu

Propela usiikate. Ikikatwa lazima inyooshwe kwenye mashine ya kukereza na ibalansiwe, na ikitetemeka itakula raba za giaboksi na oilsili ya difu. Panga injini kufuata propela iliyopo, umbali wa giaboksi hadi difu ubaki uleule wa Kirikuu. Injini itarudi nyuma ya ekseli ya mbele, uzito unakaa katikati, na miguu ya dereva inapita pembeni yake. Ndiyo maana nimesema mtu mrefu akae kabla ya kuchomelea. Ile ncha ya propela inayochomoka na kuingia iwe na nafasi ya mm 20 kila upande gari likiwa limesimama na watu wawili ndani.

Rodi au keblo za gia zitabadilika njia, maana kwenye Kirikuu mkono wa gia uko mbele ya giaboksi na kwako utakuwa karibu nayo. Keblo isipinde duara dogo kuliko sentimita 20. Ukiligeuza sanduku la mkono wa gia, namba moja inakuwa mahali pa mbili. Jaribu kabla ya kulichomelea.

Waya zitoe nzima na kompyuta yake, saa za dashibodi, fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Usikate, andika kila plagi kwa karatasi ya gundi. Ardhi ya injini kwenda chesi iwe na waya mbili nene, rangi ikwanguliwe chini yake. Hitilafu nyingi za gari la kuunda zinatoka hapo na watu wanakimbilia kununua sensa.

Tangi tumia la Kirikuu. Mpira wa mafuta uwe wa injini ya sindano, unaostahimili presha ya 3 bar na kuzidi. Ule mpira wa bodaboda unaoonyesha petroli ndani utapasuka juu ya eksozi.

Kadi na usajili: nenda TRA na kwa askari wa usalama barabarani kabla hujakata chesi ya zamani, uulize gari lenye chesi mpya linaingizwaje, na majibu uyapate kwa maandishi. Kukata namba ya chesi ya Kirikuu na kuichomelea kwenye fremu mpya usithubutu, hiyo ni kesi.

Uzito wa kila tairi unaupima kwa mizani ya jukwaa, ile wanayopimia mitumba ya tumbaku. Tairi moja juu ya mizani, tatu nyingine juu ya mbao za kimo kilekile, dereva akiwa kitini. Kushoto na kulia mbele zikitofautiana zaidi ya kilo 10, rekebisha kimo cha springi kabla ya alainmenti.

Pembe za propela ni jambo la mwisho kabla ya kufunga sakafu. Weka simu yenye programu ya levo kwenye uso wa giaboksi, kisha kwenye uso wa difu. Zinatakiwa ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na kila jointi ipinde nyuzi 1 hadi 3. Difu ikitazama juu au chini kupita hapo, weka kabari za chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli. Usiivute giaboksi ifuate, raba zake zitachanika.